Kuchagua ungio sahihi kwa kila kona ya samani

Kiti cha kulia chakula ni nadra kuvunjika katikati ya ubao. Kinalegea. Mguu wa nyuma unaanza kucheza, mwenye nyumba anapigilia msumari, baada ya muda ubao unapasuka palepale penye msumari, na kiti kinahamishiwa uani kikawe cha kukalia wakati wa kufua. Mbao yenyewe ilikuwa safi, pengine mninga mtupu. Tatizo ni ungio, yaani pale mbao mbili zinaposhikanishwa: fundi aliweka la haraka mahali palipotaka la nguvu.

Kinyume chake nacho kipo. Kuna kabati ambalo kila kona imechongwa kwa ustadi, wakati mfuo mmoja (mtaro uliochimbwa kwenye ubao) na skrubu chache zingetosha, na mteja akalipia siku za kazi zisizomsaidia chochote. Kwa hiyo swali la kuanza nalo ni wapi pa kuweka jasho na wapi pa kupita haraka. Humu nimechukulia una vifaa vya kawaida vya karakana: msumeno, randa, patasi, nyundo, guni (ya kupimia pembe mraba), mahati (ya kuchorea mistari sambamba na ukingo), keekee au drili, na jiriwa (vibano) mbili tatu.

Hatua ya 1: Chora samani, kisha ikague kona moja moja

Usichore kwa urembo. Mchoro wa penseli kwenye kipande cha boksi unatosha, ilimradi uone kila mahali ambapo ubao unakutana na ubao. Kwenye kila kona andika nguvu itakayopita hapo. Ziko nne tu. Kona inaweza kubanwa, kama mguu wa meza chini ya uzito. Inaweza kuvutwa, kama uso wa droo. Inaweza kukatwa, yaani ubao mmoja unataka kuteleza chini ya mwingine, kama rafu iliyojaa vitabu. Na inaweza kuyumbishwa, yaani pembe mraba inalazimishwa kuwa pembe ya mshazari, kama kiti ambacho mtu ameegemea nyuma na kuinua miguu ya mbele.

Kubanwa si shida. Hata ungio duni linavumilia. Kukatwa kunatibika kirahisi, mpe ubao kidato cha kukalia. Kuvutwa kunataka akili kidogo. Anayeua samani ni huyu wa mwisho, kuyumbishwa, na ndiye anayesahaulika, kwa sababu dukani kiti kinaonekana kimesimama vizuri.

Piga hesabu uone. Mtu ameegemea, anasukuma mgongo wa kiti kwa nguvu ya kilo 20, sentimita 40 juu ya usawa wa kukalia. Nguvu hiyo inagawanywa kwenye kona mbili za nyuma, kulia na kushoto. Ndani ya kila kona, reli ya pembeni, yaani ubao unaounganisha mguu wa mbele na wa nyuma chini ya kikalio, ina kimo cha sentimita 6, na sehemu inayoshindana na mzigo ni kama sentimita 4 tu kutoka juu hadi chini. Kilo 10 kwa sentimita 40, gawanya kwa 4: karibu kilo 100 zinavuta sehemu ya juu ya ungio na kilo 100 nyingine zinasukuma sehemu ya chini. Hapo ni mtu mtulivu anayekula ugali wake, bado hujamweka kijana anayebembea.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha dawa. Ongeza kimo cha reli kutoka sentimita 6 hadi 8, mzigo unashuka. Ongeza reli nyembamba chini, katikati ya miguu, unashuka tena. Kabla ya kufikiria ungio la kisasa, jiulize kama umeipa kona kimo cha kutosha.

Hatua ya 2: Soma nyuzi, kisha fikiria samani itaishi wapi

Ubao ni nyuzi zilizolala kwa urefu wake, kama fagio la chelewa lililokazwa sana: ubavu kwa ubavu chelewa zinashikana barabara, lakini ukigotanisha ncha za fagio na kitu kingine hupati cha kushika. Gundi inafuata sheria hiyo. Mbao mbili zilizopigwa randa vizuri na kuunganishwa ubavu kwa ubavu kwa gundi nyeupe ya mbao zitapasuka pembeni ya mstari wa gundi kabla gundi yenyewe haijaachia. Lakini ukipaka gundi kwenye kichwa cha ubao, pale ulipokatwa kwa msumeno, nyuzi zinainyonya na kinachobaki ni kidogo. Kwa hiyo kugotanisha kichwa cha reli na mguu wa kiti, hata ukimimina gundi nusu kopo, si ungio. Msumari au skrubu inayoingia kichwani mwa ubao nayo inashika kidogo kuliko inayoingia ubavuni.

Karibu kila ungio zuri la useremala limebuniwa ili kukwepa jambo hilo, yaani kuzipa nyuzi nafasi ya kulala ubavu kwa ubavu au kufungana zenyewe.

Halafu unyevu. Mbao hairefuki wala kufupika kwa kiasi cha kukusumbua, ila upana wake unapanda na kushuka na hewa. Kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 80, kama ilivyo mara nyingi Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, mbao hutulia na maji ya karibu asilimia 16. Kwenye hewa ya asilimia 50 hutulia karibu na 9. Ndiyo maana meza iliyotengenezwa Pwani ikapelekwa Dodoma wakati wa kiangazi inaweza kupungua upana. Meza ya paini ya sentimita 90 inaweza kupoteza sentimita nzima na zaidi. Kama fundi aliikaza isitembee, itajitafutia njia kwa kupasuka. Mninga na mkongo hutembea kidogo, na hiyo ni sehemu ya sifa yao. Paini inatembea zaidi, na ile iliyonunuliwa mbichi kutoka kwenye rundo la barabarani inatembea hata kabla hujamaliza kazi. Pia angalia kichwa cha ubao: miduara ya umri ikiwa imelala, ubao huo utatembea karibu mara mbili ya ule ambao miduara yake imesimama.

Uamuzi wa hatua hii ni mmoja. Mahali ambapo nyuzi za mbao mbili zinapishana kwa upana mkubwa, usizifunge kwa gundi moja kwa moja. Reli ya kiti ya sentimita 7 haina neno. Uso wa meza wa sentimita 90 una neno.

Hatua ya 3: Kiti, meza na benchi zipewe tundu na ulimi

Hapa ndipo pa kutumia muda. Popote ambapo reli inakutana na mguu na kona itayumbishwa, ungio ni tundu na ulimi. Ulimi, yaani mwisho wa reli uliopunguzwa unene, unaingia ndani ya tundu la mguu na kupata mashavu mawili ya gundi (nyuso zake pana), na mabega yake, pale reli inaporudia unene wake, yanagota kwenye mguu na kuzuia kuyumba. Hakuna ungio lingine linalofanya yote mawili kwa gharama ndogo hivyo.

Vipimo vinafuata mbao uliyonayo. Tuseme miguu inatoka kwenye mbao ya inchi mbili kwa mbili, ikishapigwa randa inabaki milimita 45. Reli ni moja kwa tatu, unene wake umebaki milimita 22. Kanuni ya kawaida ni unene wa ulimi uwe theluthi ya ubao unaoubeba, ambayo hapa ni kama milimita 7. Lakini mguu ni mnene kuliko reli, kwa hiyo unaweza kupanda hadi karibu nusu. Chukua patasi ya milimita 10 na uamue hivyo. Upana wa patasi uliyo nayo mkononi ndio unaopanga unene wa ulimi. Urefu wa ulimi uwe milimita 25 hadi 30. Reli mbili zikikutana ndani ya mguu mmoja, kata ncha za ndimi kwa digrii 45 zisigombane.

Chimba tundu kwanza, ukate ulimi baadaye. Ni rahisi kupunguza ulimi kwa patasi kuliko kupanua tundu bila kuliharibu. Weka mahati kwa upana wa patasi, na kila mstari uupige kutoka upande mmoja wa mbao uliouchagua kuwa uso. Ukichanganya pande, reli zitakaa mbele na nyuma ya mguu na utakesha na randa. Mguu uache mrefu milimita 20 juu ya tundu, kisha ukate ziada hiyo gundi ikishakauka. Bila ziada, nyundo ya kuchimbia inaweza kuupasua mguu kichwani. Ulimi nao usifike juu kabisa ya mguu. Punguza upana wake kwa milimita 10 au 15 upande wa juu ili tundu libaki na ukuta.

Ulimi mzuri unaingia kwa kusukumwa na kiganja. Ukidondoka wenyewe umelegea; ukidai nyundo utapasua mguu au kukwangua gundi yote itoke. Ukilegea, bandika kipande chembamba cha mbao kwenye shavu, ukichonge upya. Usijaze pengo kwa vumbi la msumeno na gundi nyeupe, gundi hiyo haina nguvu ikiwa nene.

Benchi na kigoda zinakubali ulimi unaopenya hadi upande wa pili na kukazwa kwa kabari. Ni ungio zuri kwa mtu asiye na jiriwa nyingi, kwa sababu kabari yenyewe inabana. Sharti ni upande: kabari isukume ulimi kuelekea vichwa vya tundu, yaani kwa urefu wa nyuzi za mguu. Ikisukuma kwenye mbavu za tundu, mguu unapasuka, labda si leo.

Doweli, vile vijiti vya mviringo, zinaruhusiwa? Ndiyo, kwa kiti kisichoegemewa kwa fujo, na kwa karakana yenye drili nzuri kuliko patasi. Weka angalau mbili kwa kila kona, milimita 10 unene, zikae mbali iwezekanavyo moja na nyingine, juu na chini. Na kwa kiti chochote, kizuri au cha bei rahisi, ongeza kipande cha pembetatu ndani ya kila kona, chini ya kikalio, kwa gundi na skrubu mbili. Ni mabaki ya mbao tu, lakini kiti kinakaa miaka zaidi.

Uso wa meza unajitegemea. Mbao zake ziunganishwe ubavu kwa ubavu kwa gundi, hazihitaji doweli isipokuwa za kukusaidia kuzipanga. Kuzifunga kwenye fremu ndiko kunakotaka busara: toboa matundu marefu kwenye reli ili skrubu ziweze kutembea, au chonga vifungo vidogo vya mbao vinavyoshika ndani ya mfuo wa reli. Msumari kutoka juu, uliozibwa kwa puti, ni ahadi ya ufa.

Hatua ya 4: Kitanda, kwa sababu lazima kihame

Kitanda cha kamba kilitatua swali hili zamani. Mifumbati (mbao ndefu za ubavuni) na vitakizo (zile fupi za kichwani na miguuni) vina ndimi zinazoingia kwenye matundu ya matendegu, yaani miguu ya kitanda, na kamba ikishasukwa na kukazwa inaivuta mifumbati ndani na kuyabana matendegu kwenye mabega ya vitakizo. Hakuna gundi, hakuna msumari. Kadiri mtu anavyolala, kamba inavuta. Kikilegea, unakaza kamba.

Kitanda cha leo cha futi sita kwa sita kimeondoa kamba, kikaweka chaga na godoro, na kikapoteza kile kilichokuwa kinabana. Kwa hiyo gawanya maungio katika makundi mawili. Upande wa kichwani na wa miguuni, fremu na miguu, viwe tundu na ulimi kwa gundi, havifunguliwi tena. Mfumbati unaokutana na mguu lazima ufunguke, maana kitanda kizima hakipiti mlangoni wala hakipandi ngazi za nyumba ya kupanga. Hapo weka ulimi mfupi wa milimita 10 au 15 bila gundi, ubebe uzito, na bolti na nati zivute. Ndoano za chuma zinazouzwa madukani ni za haraka na zinafanya kazi kama mbao ni ngumu. Kwenye paini laini skrubu zake zinakula matundu taratibu, na ndipo kelele za usiku zinapoanza. Chaga zikae juu ya ukanda wa mbao uliogundishwa na kupigwa skrubu kwenye mfumbati. Kwa upana wa futi sita weka mhimili wa kati wenye mguu wake.

Hatua ya 5: Droo

Droo inavutwa kwa uso wake kila siku. Ungio linalofaa mbele ni davuteli, yale meno yanayopanuka kuelekea nchani: yakatwe kwenye mbao za pembeni ili kuvuta kusiweze kuyachomoa. Mteremko wa meno uwe 1 kwa 6 kwenye mbao laini kama paini, 1 kwa 8 kwenye mbao ngumu kama mninga. Meno makali kupita hapo yanakatika ncha. Nyuma ya droo haivutwi, mfuo wa kawaida unatosha, na kitako cha plaiwudi kiteleze ndani ya mfuo bila gundi.

Ukiwa huna muda wala bei ya davuteli, kata kidato mwishoni mwa ubao wa mbele, bandika pembeni kwa gundi, kisha toboa kutoka pembeni na upigilie vijiti vya doweli viwili au vitatu. Kwa droo ya nguo inatosha. Kwa droo ya karakana iliyojaa misumari, rudi kwenye davuteli.

Hatua ya 6: Rafu, milango na fremu

Rafu inataka mfuo. Kwa ubao wa milimita 20 chimba milimita 6, kina cha theluthi au pungufu kidogo; ukienda zaidi unaudhoofisha ubao wa wima. Mfuo unabeba uzito wote, gundi na skrubu mbili zinazuia kuachana. Rafu ya vitabu ikizidi sentimita 80 hivi, ipe nguzo ya katikati, maana hapo ungio halitakusaidia, ubao wenyewe utapinda.

Mlango wa kabati ni fremu ya tundu na ulimi yenye mfuo kuzunguka ndani, na kibao cha katikati kinaelea humo bila gundi. Kiachie milimita 2 au 3 kila upande. Watu wengi hukigundisha wakidhani wanaongeza nguvu, kumbe wanauandalia mlango ufa wa msimu ujao.

Pembe ya digrii 45 kwenye fremu ya kioo ni nzuri kwa macho na dhaifu kwa mkono, kwa kuwa nyuzi zimekatwa nusu kichwa. Ipitishie msumeno kwenye kona na uchomeke kipande chembamba chenye gundi, nyuzi zake zikivuka ungio. Mahali mbao mbili zinapovukana, kama msalaba wa miguu ya stuli au fremu ya ndani ya sofa isiyoonekana, nusu kwa nusu inatosha: kila ubao utolewe nusu ya unene wake.

MDF na chipubodi, zile mbao za kiwandani, hazina nyuzi ndefu zinazoelekea upande mmoja. Ulimi wake unakatika kama biskuti, kwa hiyo usijaribu. Tumia doweli na skrubu ndefu zenye meno mapana, toboa kwanza, na usipige skrubu karibu na ukingo.

Hatua ya 7: Unganisha bila gundi kwanza

Panga samani nzima ikiwa kavu, ibane kwa jiriwa, kisha pima kutoka kona hadi kona kwa mshazari, pande zote mbili. Vipimo vikilingana, fremu ni mraba. Visipolingana, legeza, usogeze jiriwa kidogo kuelekea ule mshazari mrefu, ukaze tena. Hapo ndipo unapojua ulimi gani uko mrefu kuliko tundu na unazuia mabega kugota. Rekebisha sasa. Gundi ikishapakwa una dakika chache.

Paka gundi ndani ya tundu na kwenye mashavu ya ulimi, safu nyembamba, si kwenye mabega peke yake. Unganisha kiti kwa vipande: mbele na miguu yake, nyuma na miguu yake, siku inayofuata reli za pembeni. Futa gundi iliyotoka kwa kitambaa chenye maji kidogo, la sivyo vanishi itakuonyesha madoa. Acha saa 24 kabla ya mtu kukalia.

Na kama wewe ni mteja na si fundi, nenda karakana kabla samani haijapakwa vanishi. Iwe Keko ya Dar es Salaam, iwe Gikomba ya Nairobi, fundi makini hatachukia. Pindua kiti. Angalia kona za ndani kama kuna pembetatu, angalia kama mabega ya reli yamegota mguu bila nafasi ya kuingiza kadi ya simu, uliza ulimi una urefu gani, na ukiona vichwa vya misumari mahali ambapo reli inakutana na mguu wa nyuma, zungumzeni upya kuhusu bei au kuhusu kiti.